Nimeng'oa Lebo za Mwanangu kwa Mikono Yangu

Makala ya mwanangu Leziel ilikuwa imetoka kwenye tovuti thelathini na moja duniani, hadi Kanada, hadi Australia, na aliyeifutisha kwenye ishirini na sita kati ya hizo ni mimi, mama yake mzazi, na yeye mpaka saa hii hajui!

Shikamoo Nang Auring. Nisamehe nimeingia na kishindo kabla ya salamu, lakini jambo hili nimelibeba wiki tatu na limenikaa kooni kama mwiba wa samaki bangus, haushuki wala haupandi, na kwa kuwa wewe ni dada mkubwa wa sisi wasomaji wote wa safu yako, naomba unishike mkono.

Mimi ni fundi cherehani hapa Miagao, nimeshona sare za shule miaka ishirini na minane, na ukimwona mtoto wa shule mji huu ambaye marinda ya sketi yake hayajapinda, geuza ukosi wake, utakuta kilebo cheupe kimeandikwa ERLINDA kwa uzi mwekundu, si kujisifu, ni kweli tu. Shule niliishia darasa la sita, lakini binti yangu Leziel kamaliza chuo, Kiingereza anakiandika mpaka padri humpa matangazo ya kanisa ayanyooshe, na alipomaliza masomo wenzake wakaenda Manila, wengine Dubai, wengine Hong Kong, yeye akasema, "Mama, mimi nabaki. Nitafanya kazi hapa hapa, karibu na cherehani yako." Akafungua tovuti ya mambo ya cherehani, mashine ipi inamfaa anayeanza, ipi inatafuna uzi, sindano gani kwa kitambaa gani, na mtu akisoma akabonyeza akaenda kununua kwa wenye duka, Leziel anapata kamisheni yake. Mimi nilidhani ni mchezo mpaka siku friji jipya lilipoingia mlangoni.

Basi mwezi wa sita akaandika makala inaitwa "Kwa Nini Sindano Yako Inakatika," na hayo, Nang Auring, ni maneno yangu mwenyewe, yalitoka kinywani mwangu nikipiga pasi, yeye kayavalisha Kiingereza tu. Siku moja akaja mbio, "Mama, makala yangu imepokelewa nje!" Sikungoja maelezo. Nilisikia "nje" nikatoka kwenda kuchapisha bango la turubai, kama wanavyofanya wenye watoto waliofaulu mtihani wa uuguzi, futi nane kwa nne, picha yake ya mahafali, HONGERA LEZIEL SUMAGAYSAY, MWANDISHI WA KIMATAIFA, FAHARI YA UKOO, nikalifunga getini kwa kamba ya nailoni. Leziel akaona haya, akasema, "Mama, lishushe, watu wanacheka." Nikamwambia, "Haya ni zako, bango ni langu."

Bango halijamaliza wiki akaniita kumare wangu Purising, ndiye mama wa ubatizo wa Leziel na ana duka la kompyuta ng'ambo ya barabara.

"Kumare, njoo uone mwenyewe. Umetundika bango la mwandishi au la mwizi?"

"Mwizi gani, we Purising?"

"Makala ile ile, neno kwa neno, iko kwa mtu wa Kanada. Na hapa tena. Na hapa. Ama mtoto wetu kaiba, ama kaibiwa. Chagua."

"Mwanangu hajawahi kuchukua hata pipi dukani kwako!"

"Basi kaibiwa."

"Kaibiwa!" nikasema, na kiti nikakivuta.

Nang Auring, hasira hasara, walisema wakubwa, lakini siku ile wakubwa hawakuwepo. Nilisoma mistari miwili ya juu ya kila tovuti, nikaona ni maneno yangu ya sindano, macho yakawa mekundu, nisiendelee kusoma. Kila tovuti ina mahali pa kumwandikia mwenyewe, na Kiingereza changu ni cha sokoni lakini kinauma, nikaandika: Wewe mwizi, toa maneno ya mwanangu, mimi ni mama, usipotoa mpaka Ijumaa nitakushitaki kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, na hapa kwetu asiyeitika wito mara tatu kesi yake huenda mahakamani. Nikaweka na jina la mwenyekiti. Purising alinisahihishia herufi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakunitoza dakika za kompyuta. Zote thelathini na moja niliziandika kwenye daftari langu la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya wateja, na kila iliyotii nikaitia alama. Ishirini na sita zilitii! Mmoja wa Australia alijibu, "Samahani sana mama, hatukujua." Nilijiona jenerali. Tukaenda mimi na Purising kula supu ya tambi, batchoy, nikaagiza na mayai mawili.

Lakini wiki ile ile Leziel akaanza kunyamaza. Hali chakula, hacheki, anakaa mbele ya kompyuta ameshika tama. Alasiri moja nikamwekea ibos, wali wa nazi wa kufungwa kwa majani, na chokoleti ya moto, nikamuuliza una nini.

"Tovuti yangu imekufa, Mama. Walikuwa wanakuja watu mia tisa kwa siku. Jana wamekuja arobaini."

"Wamekwenda wapi?"

"Walikuwa wanatoka kwenye zile tovuti nilizozipa makala. Zimeitoa, karibu zote, wiki moja. Hakuna aliyeniambia kwa nini."

Hapo nikavuta kiti nikakaa. "Uliwapa wewe mwenyewe?"

"Niliwapa, tena bure."

"Bure! Kwa nini umpe mtu jasho lako bure?"

Akatabasamu, mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Wewe sare zako si zinatembea mji mzima? Mtu hakujui, anageuza ukosi wa mtoto wa jirani, anaona lebo, anakuja mpaka mlangoni. Na mimi makala ndiyo sare yangu. Nawapa wenye tovuti waivae, ila kwa sharti moja, wasing'oe lebo. Pale chini kabisa kuna kisanduku, kina jina langu na njia ya kuja kwangu. Mtu akishapenda alichosoma, anabonyeza hapo."

Akanifungulia moja kati ya zile tano zilizobaki. Nikavaa miwani, na kwa mara ya kwanza nikasoma mpaka chini. Kisanduku kilisema: Leziel Sumagaysay anaandika kutoka Miagao, Ufilipino. Yote anayoyajua amefundishwa na mama yake, fundi Erlinda, ambaye huisikiliza cherehani kabla ya kuigusa.

Nang Auring, ibos ilinigeukia mdomoni ikawa udongo. Lebo ishirini na sita za mwanangu nilikuwa nimezing'oa kwa mikono hii, na kwenye kila lebo lilikuwepo jina langu. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua kinywa, Mungu shahidi, nikasikia sauti yangu inasema, "Nikuongezee chokoleti?"

Sasa ameleta fomu ya wakala, kazi ya kutunza wazee Hong Kong, mkataba wa miaka miwili, inatakiwa irudi imetiwa saini Jumatatu tarehe ishirini. Nilimuuliza kwa nini akasema, "Sina kipaji, Mama. Ningekuwa nacho wasingenitoa wote kwa mpigo." Neno hilo ndilo linaloniua. Nikisema ukweli ataondoka na hasira, nikinyamaza ataondoka na huzuni, na Purising ananiambia, "Nyamaza kumare, tovuti ni kama kuku, itataga tena," lakini Purising naye anaogopea ngozi yake. Bango bado linaning'inia getini, na kila nikipita chini yake nainamisha kichwa. Niseme, au ninyamaze?

Jina langu usilifiche. Sijawahi kutoa kitu mikononi mwangu bila lebo.

Erlinda Sumagaysay, Miagao

*

Erlinda mdogo wangu,

Nilipofika pale ulipowatishia watu wa Kanada kwa mwenyekiti wa mtaa nilicheka mpaka mhariri akachungulia mlangoni. Nilipofika kwenye kisanduku nilikisoma mara mbili. Pole sana. Umemuumiza mtoto kwa mkono ule ule uliomlisha, na ninajua uchungu huo haulali.

Lakini nikukaripie kidogo, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa. Fundi wa miaka ishirini na minane unaweza kuihukumu nguo kwa kutazama mistari miwili ya mshono wa juu? Hukuigeuza! Wewe ambaye mji mzima unageuza kosi kukutafuta, hukugeuza makala ya mwanao mara moja uone chini kuna nini. Na kabla ya kuandika kwa watu thelathini na moja, mtu mmoja alikuwa chumba cha pili, ungemwita tu.

Sasa nikuambie kitu. Safu hii unayoisoma inatoka kwenye magazeti manne ya kisiwa hiki na redio mbili huisoma. Siwadai chochote zaidi ya jina langu pale chini. Ndivyo wewe ulivyonijua, na ndivyo barua yako ilivyofika mezani kwangu. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, angekuwa na kompyuta na kumare kama Purising, leo usingekuwa na wa kumwandikia.

Kwa hiyo sema. Tena sema wewe, kwa kinywa chako, kabla hajagusa kalamu. Hasira yake usiiogope kuliko lile neno lake, "sina kipaji." Hasira ya mtoto kwa mama hupoa pamoja na wali. Lakini binti akivuka bahari akiamini kwamba dunia ilimsoma ikamkataa, imani hiyo atakaa nayo hata akirudi tajiri. Ukweli ulio mikononi mwako ni kwamba hakuna aliyemkataa. Watu ishirini na sita waliipenda kazi yake, wakaitoa kwa sababu walimheshimu mama mmoja mkali. Hilo lina ubaya gani hata umfiche?

Hutamwambia getini, wala Purising asiwepo. Kaa upande wa cherehani yako, mkabidhi lile daftari la vipimo, lenye anwani na alama zako, kisha mwache aseme yote atakayosema. Usijitetee. Usiseme "nilifanya kwa mapenzi," hilo analijua na ndilo litakalomuudhi. Na chokoleti usiilete.

Akishamaliza, rudini mezani kwenye kompyuta. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini makala huzoleka. Mwandikie tena kila mmoja wa wale ishirini na sita, kwa Kiingereza chako kile kile cha sokoni: mimi ndiye yule mama, nilikosea, mwanangu aliwapa kwa ridhaa yake, naomba mrudishe pamoja na kisanduku chake. Leziel asikunyooshee herufi. Nimemuuliza mhariri wangu, mtu aliyezeeka katika kugawa makala kwa magazeti, akasema akipata barua ya namna hiyo hata yeye angeichapa makala hiyo mara mbili. Wengine hawatajibu, usimwahidi mwanao watu mia tisa. Wale watakaojibu, awape na makala mpya. Na hizo za sindano na uzi bado unazo nyingi kinywani, ninakusikia mpaka huku.

Kuhusu Hong Kong, usimshike miguu. Anaweza bado akaenda, ni haki yake, na wazee wa huko watakuwa wamepata mtu mwema. Unachotakiwa kukilinda si asiende. Ni asiende kwa uongo wako.

Purising msamehe, lakini dakika za kompyuta za barua hizo ishirini na sita ni juu yake.

Umetaka jina lako lisifichwe, nami nimelichapa. Ndiyo maana majibu haya nimekutumia kwa posta kwanza, yakufikie kabla ya gazeti. Gazeti lenyewe linafika Miagao Ijumaa asubuhi. Basi una mpaka Alhamisi, Erlinda. Usimwache mwanao akaisome habari hii kwenye karatasi iliyofungia samaki.

Na lile bango usilishushe. Lipindue, nyuma yake ni nyeupe, umpe Leziel brashi na rangi nyekundu aandike mwenyewe anachotaka kisomwe. Umesahau kunitajia, lakini najua kalenda ya mitaa yenu: sikukuu ya mtakatifu wenu inaangukia siku moja kabla ya ile fomu, na siku hiyo milango yote iko wazi na hakuna mgeni anayeulizwa kaalikwa na nani. Nitakuja na mhariri wangu, Purising atapika tambi za pancit, na wasomaji wangu wa magazeti yote manne ambao sindano zao zinakatika wamesikia. Nataka kusoma bango hilo kwa macho yangu, juu mpaka chini. Tunakuja wote Jumapili, tarehe kumi na tisa, baada ya misa ya pili.