Tulikuaga Ulipokuwa Unarudi

Kamina, Jumatano asubuhi

Baba yangu,

Nimeolewa. Nilitaka neno hilo ulipate kwanza, kabla sijakuambia jambo lililonikalisha chini kwenye sakafu ya jikoni nikashindwa kuinuka. Nimeolewa, Baba, na furaha yangu inanitia aibu mbele ya majirani. Vita hii mpya imetubania njia, treni za kaskazini hupita mara mojamoja, chumvi unaipata kwa bahati, na mimi naimba nikiteka maji. Anaitwa Ilunga. Ni muuguzi katika hospitali ileile uliyolala wewe, ila yeye alifika kutoka Luena wewe ukiwa umekwisha kuondoka. Ana mikono ya polepole. Akinifunga kitambaa kichwani anakifunga vibaya, nami sikigusi, natoka nacho vilevile hadi sokoni. Mama ananiambia, "Muchungaji aliwaunganisha, lakini hakusema mushikane mukono mpaka ku soko." Ungecheka, najua.

Sasa nisikilize.

Jumapili baada ya kula tulijilaza, kichwa changu kifuani mwake. Napenda kusikia pumzi yake ikiingia na kutoka, ningeweza kukaa hapo mpaka jioni. Ndipo nikakukumbuka. Nikamsimulia jinsi behewa lilivyoshtuka ukiwa juu yake, ukaanguka, shingo ikaumia. Nikamwambia upande wako wa kushoto ulivyolala kimya kabisa, mkono, mguu, hata mbavu, na upande wa kulia peke yake ukawa unavuta hewa kwa taabu. Kisha nikampa ile hadithi kubwa ya nyumba yetu, ambayo Mama humpa kila mgeni: jinsi Mungu alivyotupa ishara.

Unaikumbuka, ulikuwapo. Kwaya ilikuja kukuimbia, nawe ukajaribu kuwafuata kwa ile sauti yako nzito iliyokuwa imebaki kama mnong'ono. Mara upande wako wa kushoto ukaanza kurukaruka. Kidogo, ukatulia, ukaruka tena. Mama akapiga magoti. Sote tulijua maana yake, au tulidhani tunajua: kifo hicho, roho inatoka kwa kupitia ule upande uliotangulia kufa. Akaitwa mchungaji. Baba mdogo akafika kutoka Kabondo-Dianda, na kabla hajakaa akauliza baiskeli yako iko wapi. Tukapanga mstari, tukakuaga mmoja mmoja. Mimi nilishika mguu wako.

Nawe ukanong'ona, "Nani njo anakufa?"

Mama akakwambia tulia, baba, utapumzika sasa.

"Minyi naona njaa," ukasema.

Tukacheka huku tunalia. Tukasema angalia, hata mlangoni pa mbinguni mzee anafanya mzaha. Kwenye matanga tulilirudia, watu wakacheka tena.

Baba, hukuwa unafanya mzaha.

Ilunga alinyanyuka akakaa. Akaniuliza kama kule kuruka kulifuatana na pumzi ya upande wa kulia. Nikasema ndiyo, pamoja. Kama kuliendelea siku zilizofuata. Ndiyo, kulizidi. Na sauti yake je, ilipata nguvu? Hapo nilikusikia upya, siku zile za baadaye, ukimaliza mstari mzima wa wimbo bila kukatika, na sisi tukisema ni nguvu ya mwisho.

Akanishika bega. "Bea, kile hakikuwa kifo. Ilikuwa pumzi inarudi."

Nilimkatalia. Kwa mara ya kwanza tangu harusi nilimpandishia sauti mume wangu. Akasubiri, kisha akanieleza, nami nakueleza wewe kwa namna utakayoielewa, maana ulizeeka ukigeuza reli pale stesheni. Amri ya kupumua inatoka kwenye ubongo, inashuka kwa uti wa mgongo, shingoni, hadi kwenye ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Kila upande una njia yake. Njia ya kushoto ikikatwa, upande wa kushoto unasimama. Lakini alipokuwa akisoma Lubumbashi, mwalimu wao aliwafundisha kwamba watafiti waliochunguza wanyama walioumizwa uti upande mmoja wamegundua njia nyingine, ya pembeni, inayovuka kutoka upande mzima kwenda upande ulioumia. Imelala tu, kama reli ya akiba iliyoota majani. Pumzi ikibanwa sana, njia ile inaweza kuamka. Kwa binadamu bado wanatafuta, hawajui yote. Ndiyo maana Ilunga hakuniambia kwamba ungepona. Alisema hilo hakuna anayelijua.

Homa ya mapafu ndiyo iliyokuchukua, wakati ule dawa zilikuwa hazifiki kwa sababu treni zilibeba askari wa vita iliyopita. Hilo nalijua. Lakini kuna jingine, Baba, na ndilo lililoniweka sakafuni. Baada ya siku ile ya kukuaga, tuliacha kukukalisha. Tuliacha kukupigapiga mgongo ukohoe. Tulisema kwa nini tumsumbue mtu aliye safarini. Ilunga alinisikia nikilisema, akanishika mkono.

Ningelizika jambo hili ndani yangu, nikamwachia Mama ishara yake. Anaishi kwa ishara ile. Wajane wengine wanamwonea wivu kwamba yeye alipewa nafasi ya kuaga.

Lakini jana Ilunga alirudi kutoka kazini uso umemshuka. Wodini kuna kijana wa Kaniama. Yeye na mama yake walikuwa wanakimbia vita, kijana akaanguka kutoka juu ya paa la behewa. Shingo. Upande wa kulia kimya. Na jana asubuhi upande ule ukaanza kurukaruka. Mama mtu ameona, amefunga sufuria zake, ametafuta lori la leo ili mtoto akafie kwao. Barabara ya Kaniama unaijua, lori lingemmaliza kabla ya kufika. Wauguzi walimsihi, akawajibu mumuache mutoto wangu afe kwabo.

Angemsikiliza nani? Labda mwanamke aliyeona kitu kilekile kwa macho yake. Mimi nilimjua mmoja tu.

Ilunga hakuweza kwenda. Mama ni buko wake, mama mkwe, unajua heshima hiyo: hawezi kuketi mbele yake na kuusema mwili wa mume wake. Ikabidi niende mimi.

Nilimkuta anatwanga sombe, majani yake ya muhogo. Nilimwambia yote nimesimama, bila hata kumsalimia vizuri. Aliendelea kutwanga. Kisha mchi ukasimama.

"Alikuwa anarudi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na minyi nikamuambia aende."

Mimi nililia, yeye hakulia. Alitazama majani ndani ya kinu, nikaogopa kwamba nimemvunja, kwamba nimemwua mzazi wa pili kwa mdomo wangu. Halafu akauliza, "Ule mama wa Kaniama, iko anamukalisha mutoto?"

"Hapana, anamulaza tu."

Akanawa mikono. Sombe akaiacha ndani ya kinu. Nilimfuata mbio, Baba, sikujua kwamba bado anaweza kutembea vile.

Wodini aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Akachukua mkono wa yule mama, akauweka kwenye mbavu za kulia za kijana, akaufunika kwa wake.

"Unasikia?"

"Nasikia. Iko anatoka."

"Hapana, mama. Iko anaingia. Bwana yangu aliingia hivi hivi, minyi nikamufungia mulango."

Yule mama alimtazama. Sijui aliona nini usoni pa Mama. Aliuliza tu, "Weye uliona?" Mama akajibu, "Minyi njo niliona." Basi wakamwinua kijana pamoja, huyu kwapa hili, huyu kwapa lile, na Ilunga wangu, aliyetutangulia wodini, nyuma akishika mto, uso ameugeuzia ukutani kwa kumheshimu buko wake. Nilimpenda hapo kuliko siku ya harusi.

Leo asubuhi lori limekwenda Kaniama bila wao. Kijana anaweza kufa bado. Ilunga ameniambia nisifurahi kwa mdomo wote. Mama ameamkia kule. Hajasema tena neno juu yako, na usiku, nilipolala kwake, nilimsikia akitembea chumbani. Sijui kama atanisamehe. Mbele ya wageni sidhani kama atasimulia ishara tena.

Baba, ile kwaheri niliyokupa nikiwa nimeshika mguu wako, ilikuwa ya haraka. Nisamehe, sote utusamehe. Naitoa upya leo, sasa ambapo kweli umekwenda: lala vizuri, mzee wangu wa reli. Nami nakuahidi hivi. Nitakwenda kwa kijana yule kila siku, tutamkalisha, tutampiga mgongo akohoe, na maadamu kifua chake kinanyanyuka, hakuna atakayemuaga mbele yangu.

Binti yako, mke wa Ilunga,
Bea