Ganzi ya Ubavu Mmoja

Mwanangu,

Ng'ombe wetu amepasuliwa asubuhi hii na ndama katoka mzima. Mtandikie nyasi kavu, na mbwa asisogelee ule mshono. ~~Daktari wa mifugo akirudi jioni, asipewe chai.~~ Mpe chai, ila kwenye kile kikombe chenye ufa.

Alimchoma ng'ombe sindano za ganzi pembeni mwa uti wa mgongo, akaniambia, "Mzee, hasikii kitu huyu." Mimi wenye vyeo siwaamini. Nikazunguka upande wa pili, nikamdunga pini nihakikishe. Kumbe ganzi ni ya ubavu wa kushoto tu! Teke lililonipata lilinikalisha ndani ya ndoo. "Mzee, ganzi iko huku!" Sasa ndiyo anasema. Na ng'ombe tumbo wazi, anacheua tu.

Goti linauma, lakini kuna linaloniuma zaidi. Marehemu mama yako aliposhonwa baada ya kukuzaa, wakubwa wa hospitali walimwambia, "Vumilia, mama." Ng'ombe hakuambiwa avumilie.

Nimekwenda hospitali hiyohiyo. Wakiniambia nivumilie, narudi nitibiwe na huyu wa ng'ombe.

Baba yako