Bei ya Hisa Zako, Baba

Baba yangu,

Tangu uondoke hakuna anayeniita Mami. Uliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yako, na hukujali ukiniita mbele ya bosi wangu. Leo ningetoa chochote nisikie mtu ananiita hivyo mlangoni. Naandika saa ya chakula. Wenzangu wameshuka kwenda kula, nami nimejifungia ofisini hapa Nakuru. Nimefanya kosa kubwa, Baba. Jumamosi hii nitasimama mbele ya wanachama wote wa mfuko wetu wa akiba kulikiri. Nimekwisha.

Kazi yangu hukuielewa, na hukuficha. "Kwani unalipwa kusema kitu ni pesa ngapi, na hukiuzi?" Ndiyo, Baba. Mfuko umeweka akiba za wakulima katika hati fungani za serikali, hisa za kampuni kubwa kubwa, na hisa za kile kiwanda cha maziwa cha Mai Mahiu. Kila mwaka ukiisha, mimi ndiye wa kusema vyote hivyo vina thamani gani siku ile. Si bei tuliyonunulia, wala si ile tunayoitamani. Ni bei ambayo ingepatikana siku hiyohiyo kwa muuzaji asiyelazimishwa na mnunuzi anayejua anachonunua. Tunaiita thamani ya haki. Mwanachama akijitoa, analipwa kwa hesabu hiyo. Nikikosea nikaiweka juu, anayeondoka anabeba cha anayebaki.

Na wewe ndiye uliyenifundisha haya kabla ya chuo chochote! Unakumbuka siku zetu za mnada wa ng'ombe, Gilgil? Ulinipandisha kwenye ua wa mbao, ukaninunulia mandazi, tukakaa saa nzima bila kuuliza bei ya hata ndama mmoja. Nilinung'unika kwamba jua linanichoma. Ukanionyesha kwa kidevu: "Yule ana mtoto hospitali, anauza kwa machozi. Bei yake iache. Na yule ananunua kwa shemeji yake, hiyo nayo iache. Ngoja wawili wasiojuana." Tulingoja. Wawili wasiojuana wakapeana mikono, na hapo ndipo ukashuka kwenda kuuza fahali wetu.

Hata deni ulijua lina bei yake. Mwaka ule wa ukame ulikuwa na deni la nyasi kwa jirani, ukamwomba mjomba alichukue deni hilo awe analilipa yeye. Mjomba akakataa kupewa thamani ya nyasi za siku mliyokopa. Alitaka zaidi, kwa sababu nyasi zilikuwa zinapanda kila wiki. Mama alichemka: "Huyu ni ndugu gani?" Wewe ukamwambia ana haki, deni linapimwa kwa kile ambacho mtu mwingine angetaka kulipwa leo ili alibebe. Ukatoa na mtamba juu yake. Miaka mingi baadaye nilisoma jambo hilohilo chuoni, nikacheka peke yangu darasani.

Sasa sikia mwanao alichofanya.

Hisa za kampuni kubwa hazinisumbui, bei zake ziko wazi kwenye soko la hisa. Hati fungani natafuta bei ya zinazofanana nazo, napata. Kiwanda ndicho kilichonitesa, maana hisa zake hazinunuliwi wala haziuzwi sokoni. Ilibidi nikae nipige hesabu: maziwa yanayoingia, gharama, faida inayoweza kuja miaka ya mbele, nipunguze kwa sababu ya hatari. Nikapata nambari ndogo, ya kukatisha tamaa. Wakulima wengi siku hizi wanawapa maziwa mabroka wanaolipa papo hapo, na kiwanda kinakusanya nusu tu ya kile kilichokuwa kikikusanya. Nikaogopa ile nambari. Nikatafuta kama kuna mtu yeyote aliyeuza hisa za kiwanda mwaka ule, nikapata mauzo mara moja tu, kwa siku moja. Yalikuwa yako.

Wewe hukuwepo, ulikuwa wodini. Wacha nikueleze ilivyokuwa. Harambee ya kukulipia hospitali ilifanyika kanisani kwetu Gilgil. Unajua mambo ya harambee: jogoo ananunuliwa kwa bei ya mbuzi, anarudishwa mezani, ananunuliwa tena, na hakuna anayeuliza kwa nini. Kisha rafiki yako Mzee Kiprono akasimama na lile koti lake la kijani. "Huyu mzee hapendi kuombewa msaada, mnamjua. Lakini ana hisa za kiwanda. Basi tununue hisa!" Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akawa anauliza nani anaongeza, akina mama wanaimba, bei inapanda tu. Kiprono ndiye aliyenunua nyingi zaidi, na baada ya ibada fomu zikajazwa kihalali, kiwanda kikazipiga mhuri. Nililia siku hiyo mpaka nikashindwa kusema asante.

Kwa hiyo nilijua. Nilikuwepo, niliona, nilijua ile haikuwa bei bali upendo wa watu. Lakini mwaka ulipoisha nilichukua zile fomu nikaziweka kwenye faili kama ushahidi wa soko. Wakaguzi waliuliza, "Bei hii mmeitoa wapi?" Nikawaonyesha mhuri. Wakaridhika. Thamani ya mfuko ikaruka, wanachama wakafurahi, mwenyekiti akaniita hodari. Sita wakajitoa na kulipwa kwa bei hiyo. Pesa zao zimetoka kwenye mfuko, na kiwanda kiko palepale na matangi yake matupu.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Si hongo, Mungu anajua. Ni wewe, Baba. Nilipokuja wodini jioni ya harambee ulinishika mkono, ukaniuliza walinunua kwa bei gani. Nikakutajia. Ukatabasamu, ukasema, "Kumbe zilikuwa na maana! Kumbe sikudanganyika kuziweka." Ulikuwa mdhaifu mno, sikuweza kukuambia kwamba ulichangiwa. Nilikuacha uamini, na wiki ile ikawa ya mwisho. Ilipofika wakati wa kuandika nambari, sikutaka mwanaume aliyelea watoto wanne kwa ng'ombe watatu aonekane alikufa akisaidiwa. Nikaandika bei yako. Nilitaka iwe ya kweli, basi.

Nimekukasirikia pia, na nitasema. Ungekubali tu kusaidiwa kama watu wengine, Kiprono asingetafuta njia ya kukusetiri. Ukaidi wako ndio niliourithi. Lakini hasira haisaidii, na kalamu niliishika mimi.

Jumanne Kiprono alikuja hapa ofisini na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha. Aliketi, akaniambia amelipa malipo ya kwanza ya kiploti, kipande cha ardhi cha binti yake, yule aliyefiwa na mume, na salio litatoka kwenye akiba yake kwenye mfuko wetu mwisho wa mwezi. Nikamuuliza kwa nini hakujitoa mapema na wale sita. Akashangaa. "Nijitoe ya nini, na anayepima ni mtoto wa rafiki yangu?" Baba, nilitamani ardhi inimeze.

Leo asubuhi nimempigia simu. Sikutaka asikie Jumamosi pamoja na watu wote. Nilimwambia bila kuzunguka: bei niliyotumia ni ile ya harambee, hesabu ya kweli iko chini sana, wale sita walilipwa kupita kiasi, na kilichobaki kwake hakitoshi kiploti. Nikamwomba anitukane.

"Nikutukane nini, msichana wangu," akasema polepole. "Ile siku mimi sikununua hisa. Nilikuwa nalipa hospitali ya rafiki yangu. Hata zile karatasi sijui mama watoto aliziweka wapi." Akavuta pumzi. "Ungeniuliza tu. Gilgil ni hapa karibu. Ungenipigia simu moja, ningekuambia."

Baba, sikumuuliza. Katika watu wote walionunua hisa zako, sikumuuliza hata mmoja. Sasa naenda kumwandikia mwenyekiti, halafu nitakuja nyumbani nimwambie Mama kabla hajaambiwa na watu. Pumzika wewe. Mimi sijui nitapumzika lini.

Binti yako wa kwanza,
Mami