Swali Alilofinyiwa Tasha

Nekesa,

Nimekukasirikia, na nakwambia hivyo kabla sijakusalimia. Miaka yote tuliyorekodi "Mbona Hivyo?" kwangu hapa mtaani Jericho, mimi na wewe chini ya blanketi ili kelele za majirani zisiingie, ulijibu kila swali la mtoto. Mbona mwezi unatufuata. Mbona kitunguu kinaliza. Mimi nilipokuuliza mbona umekonda hivyo, ukasema, "Ni uchovu tu, Rispa, washa simu turekodi." Nikawasha. Mjinga mimi.

Tangu tukuzike kwenu Webuye, podikasti yetu nayo imekufa, na walioiua ni watu wenye heshima zao. Wazazi wamewakataza watoto kutuma maswali, eti wasinisumbue nikiwa na majonzi. Simu iliyokuwa ikijaa sauti za watoto kutoka mtaa wa Fedha mpaka Njiru sasa imejaa picha za mishumaa na "pole sana". Akina mama wa kanisa wanataka nitoe kipindi cha mwisho, kwaya iimbe, tufunge. Nimewaambia nitafikiria. Ningewaambia ninachofikiria kwa kweli, wangeniwekea mikono waniombee.

Lakini kinachonichoma ni Tasha. Yule wa mlango wa pili, aliyekuuliza kama samaki husikia kiu ukacheka mpaka tukarudia kurekodi. Siku tuliyokuleta hapa nje tukuage, watu walipita kando ya jeneza wakilia, yeye akakushika mkono. Kisha, kwa jina watoto wote walilokuita, akauliza kwa ile sauti yake kubwa, "Mbona Tichee ni baridi hivi?" Mama yake akamfinya na kumvuta nyuma. "Hayo si maswali ya kuuliza hapa!" Mtoto hakulia. Na kati yetu sote pale, ni yeye peke yake aliyefanya ulichotufundisha.

Juzi alikuja kuazima kiberiti. Maziwa yangu yakafura yakamwagika jikoni, harufu ya kuungua kila mahali. Nikasimama nikimsubiri aniulize mbona maji yakichemka hayafuri hivyo. Nekesa, yule mtoto aliniangalia akasema, "Pole, aunty." Kama mtu mzima! Akachukua kiberiti akaenda. Nililia kwa hasira kuliko nilivyolia Webuye.

Nikaenda kwa Mama Tasha kumwomba nimjibu mtoto lile swali lake kwenye kipindi. Akaniambia, "Rispa, huyu mtoto ametulia, na wewe unataka kumwambia mambo ya maiti?" Nikamwambia hajatulia, amefungwa mdomo. Tulizozana hadi chai ikapoa. Mwishowe akakubali, lakini naye awepo. Kwa hivyo jana tulikuwa watatu chini ya blanketi lako, tukitoa jasho.

Nilijibu vile ungejibu, bila kuzungusha. Nilisema mwili ulio hai hutumia chakula kutengeneza joto mchana na usiku, na mtu akifa kazi hiyo huisha, basi mwili hupoa pole pole, kama sufuria ya ugali iliyoepuliwa. Nikasema pia kwamba ulikuwa umetoka kwenye friji ya mochari. Hapo Mama Tasha akavuta pumzi, nikajua nimeharibu. Tasha akauliza, "Sasa hiyo joto yake ilienda wapi?"

Aliuliza, Nekesa. Na mama yake hakumfinya.

Nikamwambia nyingine ilibaki hewani kule wodini ulikofia, na ile iliyosalia friji iliitoa ikaitupa nje, ndiyo maana nyuma ya friji huwa kuna joto. Akafikiria. "So iko tu huku nje na sisi." Nilitafuta kosa katika hilo, vile ulivyonizoesha, nikalikosa.

Kipindi kinatoka Jumamosi, bila kwaya. Akina mama wakasirike wakitaka. Swali langu mimi, la mbona hukuniambia unaumwa, uliondoka nalo, na bado linaniudhi kila nikilikunja hilo blanketi. Sijakusamehe. Nitajaribu.

Lala salama, Tichee wetu. Nakuahidi hivi: mahali popote nilipo, hakuna mtoto atakayefinywa tena kwa sababu ameuliza.

Wako,
Rispa