Daftari Ambalo Sitalichoma

Nyumbani kwenu,
Chumba cha nyuma,
Jumamosi, tarehe 8.

Mpendwa Shangazi,

Kabla sijakusalimia, nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: siku Babu alipozimia, nilimdanganya nesi. Aliniuliza Babu anatumia dawa gani. Sikujua. Kwa aibu nikamtajia zilizokuwa juu kwenye kopo la dawa nyumbani, naye akaandika. Kumbe zilikuwa za Bibi, za presha. Bibi alifika mbio, kandambili hazifanani, ndipo zikafutwa.

Sasa shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Baridi ya huko imepungua? Sisi tu wazima. Babu amerudi kwenye kiti chake na anagombana na watangazaji kama kawaida.

Tangu siku ile nina daftari. Unawajua wazee wako: dawa za wote wawili zimo kwenye kopo moja la biskuti, kila mmoja anazijua zake kwa rangi. Kadi za kliniki ziko chini ya godoro. Koki ya maji ya nyumba nzima imejificha nyuma ya pipa. Yote nimeyaandika. Halafu kuna sindano moja ambayo Bibi akichomwa anavimba uso. Nimeishi naye miaka yote hii sikujua!

Hati za nyumba ndizo zilizonitoa jasho. Nilipouliza ziko wapi, Babu alicheka, akaniagiza bisibisi. Ufundi redio haustaafu, Shangazi. Akafungua mgongo wa ile redio kubwa iliyokufa. Ndani hamna redio: mna hati ya kiwanja, vyeti vyenu vya kuzaliwa, na picha yako unalia. "Andika," akasema. "Skrubu nne. Ya chini kushoto ni kaidi."

Lakini juzi Baba Mkubwa alilikuta daftari mezani. "Wewe karani wa misiba! Wazazi wangu wangali hai unawapangia mazishi?" Ameamuru kesho akija akute limechomwa.

Unanijua, nikisimamishwa mbele ya darasa hata jina langu hunikauka mdomoni. Nilinyamaza. Ila kwenye karatasi sinyamazi: sichomi. Kuuliza dawa ya mtu si kumwombea kifo. Akitaka kuchoma kitu, aanze na lile kopo.

Nakala yako imo humu. Isome, ujaze niliyoyasahau.

Msalimie Mjomba na wale mapacha. Mkubwa wao mwambie kitabu chake nimekisoma mara mbili. Mungu akunyooshee mgongo na akulindie nyumba.

Wako akupendaye bila kelele,
Msomi

NB. Jumapili. Bahasha sikuifunga. Asubuhi nilibandika ukurasa wa kwanza, wenye dawa na namba za simu za ndugu wote, ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Baba Mkubwa alipofika akauliza majivu yako wapi. Nikafungua kabati. Akanyoosha mkono aubandue. Bibi, akimenya viazi, akasema bila kugeuka, "Gusa uone."

Basi akasimama akasoma. Alipofika penye jina lake akakunja uso. "Namba hii ya simu siitumii tangu mwaka jana."

Humu ndani hakuna aliyekuwa na mpya. Nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Ndiyo niliyoipiga siku Babu alipozimia. Mara saba."

Nikampa kalamu. Alipomaliza kuandika, nikainakili namba yake kwenye karatasi yako, nikalamba bahasha.