Nesi Alipomuuliza Baba Kama Ana Chuma Mwilini

Lois, uko wapi? Nimecheka mpaka nimetolewa nje!

Si unajua nimemleta baba Dar apigwe MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, waone kama kansa imeingia kwenye msuli wa kibofu kabla ya matibabu? Tangu tutoke Kilosa nina hofu tupu.

Nesi akauliza, "Mzee, una chuma chochote mwilini?" Nikamtafsiria. Baba akajifanya hajasikia.

Nikarudia. Akajibu kwa Kimaasai, ameinamisha kichwa: "Seleina, mwambie kwamba mlinzi wa shamba la mkonge kule Kimamba alinipiga gobore kwenye kalio, nikitoka dirishani kwa binti yake."

Kwenye KALIO, Lois! Lile kovu alilotuambia miaka yote ni la simba wa Mikumi! Na mimi ndiye niliyelitamka neno hilo mbele ya wagonjwa wote!

Wakampiga eksirei kwanza. Hakuna risasi iliyobaki, akaingizwa kwenye mashine.

Majibu tumepewa sasa hivi: haijafika kwenye msuli. Watakwangua uvimbe, kibofu kinabaki. Hapo nililia.

Baba ameniapisha nisimwambie mtu, hasa mama. Nimeapa. Lakini wewe si mtu bwana, wewe ni Lois.