Kwa Mke Mwenzangu Ng'ambo ya Songwe, Baada ya Tetemeko

Mke mwenzangu, mama Lusekelo,

Salamu sikupi. Salamu hupewa mtu anayejulikana yuko hai, na wewe sijui kama uko hai. Juzi asubuhi hapa Masukulu sufuria ziligongana zenyewe jikoni, mbuzi wakalia. Nikasema ni kawaida yetu, mlima umejigeuza. Jioni redio ya dukani ikasema hapana, chanzo ni huko kwenu Malawi, kando ya ziwa, nyumba zimeanguka na watu wamefukiwa. Nilikuwa nimekwenda kununua chumvi. Nikarudi bila chumvi.

Usijisifu. Sikulia.

Nilikaa nikaiwaza ile nyumba. Nani alimsumbua mume wetu mpaka akajenga ya matofali ya kuchoma, ukuta mrefu kama wa kanisa? Wewe. Nyumba yangu ya mianzi na udongo uliicheka mbele ya wageni: "Mke mkubwa analala kwenye kapu." Kapu! Ardhi ilipotikisika mwaka ule wa mahindi mengi, kapu langu lilicheza likatulia. Ukuta wako ukapata ufa wa kuingiza mkono. Ukauziba kwa udongo, ukapaka chokaa, ukasema umepona. Kichwa kigumu wewe.

Na siku hiyo hiyo, sote tuko uani, wewe ukarudi mbio ndani. Kufuata nini? Cherehani. Nilikushika, kitenge kikanibakia mkononi, ukaingia na gagulo tu, ukatoka umekumbatia cherehani kama mtoto mchanga, wanaume wanakutazama. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

"Mama Lusekelo, siku nyingine nitakuacha ufe," nilikwambia.

"Ukiniacha, nani atakushonea?"

Kweli, magauni yote ya binti zangu uliyashona wewe. Hilo sikatai.

Lakini usidhani nimesahau. Mume wetu alipozikwa, ndugu zake waliita kikao, wakasema mke asiyezaa wa kiume arudi kwao. Ulikuwa umekaa ubavuni pangu. Huyo Lusekelo wako nilimpokea kwa mikono hii, mvua inanyesha, mkunga hayupo. Neno lako moja lingetosha. Wewe mama wa mtoto wa kiume wangekusikia. Ukatazama vidole vya miguu yako. Kesho yake nikavuka mto Songwe kurudi kwetu huku Masukulu, na binti wawili na godoro kichwani. Hukunisindikiza hata mpaka barabarani.

Siku hizi mambo ni ruksa, kila mwanamke mfanyabiashara, wanavuka na vitenge na sukari kila wiki. Ungetaka kunisalimu ungewatuma. Hukutuma. Nami sikutuma, kwa sababu aliyekosa si mimi.

Sasa chakula hakipiti. Binti yangu mkubwa ananiambia, "Mama, kama amekufa tutakwenda kulia msiba." Nimemfukuza kwa mwiko. Kulia msiba! Nikifika pale wanawake watanipisha nikae mbele, mke mkubwa huyo amekuja, halafu nilie nini? Nimlilie mtu ambaye ugomvi wetu haujaisha?

Na najua juzi pia ulirudi ndani. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Ukuta unapasuka na wewe unafuata vyombo, na hakuna wa kukushika kitenge.

Barua hii anakuletea mama mmoja muuza vitenge. Nimemwambia asimpe Lusekelo wala mkewe, akupe wewe mkononi. Kama nyumba imeanguka, njoo. Chumba kipo, ni cha mianzi, utazoea. Kama umevunjika mguu, wakubebe. Sikuiti kwa huruma, usije ukawatangazia watu hivyo. Nakuita uketi mbele yangu uniambie kwa mdomo wako kwa nini siku ile ulinyamaza. Jibu hilo ni langu. Usithubutu kufa nalo.

Ni mimi, mke mkubwa, hata wakisema vingine.